Shanga za Dani Mkononi mwa Mwalimu

Nakumbuka Jumapili moja kule Kombewa, mjukuu wangu, nilipopigiwa makofi kanisani kwa kosa. Waliopiga hawakujua ni kosa. Mimi mwenyewe sikujua ukubwa wake. Aliyejua alikuwa amekaa benchi la pili, naye ni nyanya yangu, ambaye sote tulimwita Dani.

Nilikuwa na miaka kumi na saba na kichwa kigumu kama jiwe la kusagia. Kazi niliyoipenda ilikuwa bangili, si za kununua, bali za kutengeneza mwenyewe juu ya meza ya kulia. Wewe unaijua kazi hiyo. Unakata waya mfupi, unapitisha shanga, unakunja kitanzi huku na kitanzi huku, kisha unaunga kwa mnyororo mwembamba mpaka itoshe mkono. Mnyororo niliutoa kwenye mikufu iliyokatika, na plaisi, koleo la kukunjia waya, niliiazima kwa baba mdogo, fundi wa baiskeli. Vidole vyangu vilijaa mikwaruzo, nami nilivionea fahari.

Basi mwalimu wetu wa kwaya, Mama Felista, alikuwa anahamia Maseno. Huyo mama alinifundisha kuimba, na ndiye aliyenitetea siku baba alipotaka niache shule. Nilimpenda sana. Nikaapa kwamba zawadi yangu itazishinda zote. Lakini shanga nilizokuwa nazo zilikuwa za plastiki, zimepauka, na kila nilipoziunga niliona haya.

Dani alikuwa na mkebe chini ya kitanda chake. Hakuna aliyetukataza kuufungua, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuwazia kuufungua. Mimi nikawazia. Ndani nikakuta nyuzi tatu za shanga za kioo, buluu na nyeupe, nzito, zinateleza vidoleni. Nikajiambia, mwanamke mzee hivi ana haja gani na shanga? Nikachukua uzi mmoja nikaukata kwa meno. Kwa meno, mwanangu!

Wahenga walisema kuuliza si ujinga, na Dani alikuwa hapo nje tu akianika omena, wale dagaa wa ziwani. Sikuuliza kwa sababu nilijua anaweza kukataa. Hiyo ndiyo kweli yenyewe, na imenichukua miaka mingi kuisema bila kuipamba.

Jumapili ya kumuaga ikafika. Mama Felista akaivaa ile bangili mbele ya watu wote, akainua mkono, ikameta. Makofi yakalia, nami kifua mbele. Kisha nikaona wamama wazee wa benchi la pili wanaangaliana. Mmoja akaziba mdomo kwa leso, mabega yakimtetemeka kwa kicheko. Dani peke yake hakucheka. Alisimama taratibu, akaenda mbele, akaushika ule mkono na kuzigusa shanga moja moja.

"Imekupendeza, Mwalimu," akasema. "Uende salama."

Akarudi kukaa. Tulipofika nyumbani akanivutia kigoda.

"Nyathina, mtoto wangu, hiyo shanga unajua inavaliwa wapi?"

"Shingoni, Dani?"

"Yawa! Kiunoni!" Akajipiga nyonga. "Ndani ya nguo. Babu yako alininunulia nikiwa bado msichana. Ni yeye tu aliwahi kuiona. Leo kanisa mzima imeiona, na pasta akapiga makofi."

Siri ya mtungi aijuaye kata, mwanangu, na mimi niliimwaga madhabahuni. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Dani hakunipiga wala hakupaza sauti.

"Mkono yako sina hasira nayo," akasema. "Hiyo kazi ni safi. Lakini babu yako amekufa, hawezi kuninunulia ingine. Ungeniuliza ningekupa. Sasa umeninyima hata furaha ya kukupa."

Fimbo ingeuma kwa siku moja. Neno lile linaniuma mpaka leo.

Jumamosi iliyofuata alinituma Maseno peke yangu, na bangili nyingine niliyoitengeneza kwa zile shanga zangu zilizopauka, nikaseme ukweli kwa mdomo wangu. Nilihofu Mama Felista atanidharau. Aliposikia alicheka mpaka akafuta machozi, kisha akaivua ile bangili na kuniwekea kiganjani kama anayerudisha mtoto wa watu. Akavaa ya plastiki. "Hii ndiyo yako," akaniambia. "Ile ilikuwa ya mtu."

Nilidhani Dani ataifumua na kuzirudisha shanga kwenye uzi. Alikataa. "Wacha hivyo. Shanga ni ya babu yako, waya ni yako." Akaivaa mkononi, hadharani, kanisani na sokoni, mpaka alipougua. Ndipo akanipa mimi. Wanasema majuto ni mjukuu. Basi Dani alimpenda mjukuu pamoja na majuto yake.

Kwa nini nakuambia leo? Jana nilikuta kabati langu hapa Nyamasaria, ninamoweka bangili ya Dani, limeachwa wazi nayo haimo, na vipande vya waya chini ya meza. Tangu hapo unakunywa chai ukiangalia kikombe. Sijakuuliza, na sitakuuliza.

Nasaha yangu ni hii. Kitu cha mzee kikikaa kimya si kwamba hakina mwenyewe. Omba kabla ya kukata, na uombe ukiwa tayari kukataliwa, maana ombi lisilokubali jibu la hapana ni wizi wenye adabu. Ukishakosa, usitume mtu; kosa lirudishe kwa miguu yako. Na ncha ya waya ikunje kwa ndani, mwanangu, isimkwaruze atakayevaa. Hilo la mwisho hukulifanya vizuri kwenye bangili uliyomtengenezea mama yako, nimeona.

Kama umeshaikata bangili ya Dani, ilete hivyo hivyo. Nyasaye, Mungu wetu, aibariki mikono yako, aipe kazi isiyokosa wa kuipenda, nawe uzeeke ukiwa na kitu cha kuombwa. Mkono wako nilishaupima, siku ile uliposinzia kwenye kochi. Bangili hiyo inakutosha. Nimengoja tangu uliposhika plaisi mara ya kwanza, nami bado naitaka ile furaha ya kukupa.

Njoo uniombe.