Coleta na Orodha ya Mwaka Tisini na Sita

Coleta alikuwa muuguzi wa zahanati miaka ishirini na miwili kabla ya kufundishwa kompyuta, na hadi leo kila fomu huisoma kwa sauti kabla ya kuichapa. Mwaka 2004 tulikuwa chumba kimoja pale Izia, tukiingiza takwimu za majaribio ya dawa mpya ya malaria, na sauti ile ilinichosha. Mimi nilikuwa msimamizi wake, nimetoka chuoni juzi, nikiamini mashine itaondoa uzembe wote wa nchi hii.

Programu yetu ilikagua majina ya maradhi. Jina lisilokuwemo katika orodha yake liliwaka jekundu, na fomu haikupita. Waliotuuzia walishinda zabuni kwa bei ya chini. Ulikuwa wakati wa soko huria. Hakuna aliyeuliza urahisi huo unatoka wapi.

Alhamisi moja Coleta akasoma: "Minza, wa Mollo. Kusikia kumepungua masikio yote mawili, siku ya tatu baada ya dozi."

Jekundu.

"Chagua 'uambukizo wa sikio', mama," nilisema. "Ndilo la karibu. Dar wanataka takwimu kesho."

"Daktari kaandika masikio ni safi."

"Mashine hailijui jina la ugonjwa huo."

"Orodha yenyewe ya lini?"

Nikafungua ukurasa ambao sikuwahi kuutazama. 1996.

"Kanga yangu ya mwaka huo nimeshaifanya dekio," alisema. "Wewe msomi, orodha ya mwaka huohuo unaipa udaktari."

Nilikasirika, maana alisema kweli. Akaniwekea kidole kwenye tarehe: Minza alipangiwa dozi ya pili Jumamosi. Mwenye uambukizo huendelea na dawa. Anayepoteza usikivu husimamishwa.

"Basi bonyeza wewe," alisema. "Halafu Jumamosi twende wote, umpe vidonge kwa mkono wako."

Sikubonyeza. Alimpigia daktari simu, na dozi ikasimamishwa. Kisha, bila kuagizwa na mtu, akashusha fomu zote za uambukizo wa sikio tangu Juni, zile nilizozipitisha mimi. Akasoma, nikaandika, hadi jua likazama. Walikuwepo wengine wanne kama Minza. Niliandika barua Dar kwa jina langu, nikakiri, nikasema takwimu hazitoki mpaka orodha ibadilishwe. Wanaodhani maendeleo ni kununua mashine tu, waje Izia wamwone mama huyu.

Jumamosi tulikwenda Mollo kwa baiskeli. Minza alikuwa akikamua ng'ombe, ametupa mgongo. Nilifungua mdomo kumwita. Coleta akanishika mkono. Akamzunguka polepole, akachuchumaa mbele yake ili asishtuke.

"Dawa ile basi, mwanangu. Daktari atakuja Jumatatu."

Minza alimtazama midomo, akaomba arudie. Coleta akarudia, mara tatu, bila kupaza sauti.