Mirija ya Bwana Karani

Harufu ya plastiki mpya hunirudisha kwenye saa nane na dakika ishirini na mbili mchana, Jumamosi moja baada ya mavuno ya ulezi, nyumbani kwa babu yangu Nabuyoga. Naijua saa hiyo kwa hakika, kwa sababu bwana aliyekuja kumposa shangazi yangu aliitangaza mara tu aliposhuka kwenye baiskeli, ingawa hakuna aliyemuuliza. Alivuta nyuma mkono wa shati, akaisoma saa yake kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la serikali, kisha akatutazama kuona kama tumevutiwa. Babu alivutiwa. Hapo ndipo ujinga wa siku ile ulipoanza.

Harufu yenyewe ni tamu na nzito, kama pipi iliyosahauliwa ndani ya debe la mafuta ya taa. Juzi niliingia duka la vifaa vya ujenzi hapa Busia kununua mpira wa kumwagilia sukuma, muuzaji akalifungua robota jipya mbele yangu, nami nikajikuta nimesimama pale na pesa mkononi, nikitabasamu vibaya. Kijana wa watu alidhani namcheka yeye.

Nieleze kwanza jinsi pombe ilivyonywewa kwetu, maana bila hilo hamtaelewa. Pombe yetu ya ulezi tuliiita kongo. Haimiminwi kwenye bilauri. Chungu kikubwa huwekwa katikati, wanaume hukizunguka kwenye vigoda, na kila mmoja hunyonya kwa mrija wake mrefu uliotengenezwa kwa shina la mmea wenye tundu katikati. Ncha ya chini hufungwa kichujio kilichosukwa kwa nyuzi, ili makapi yabaki chunguni. Kila pombe inapopungua, huongezwa maji ya moto, moto kweli, yanayotoka jikoni yakifuka. Nyanya yangu ndiye aliyepika kongo iliyosifiwa kuliko zote kutoka Nabuyoga hadi Mulanda, na siku za soko aliiuza. Chumvi, sabuni, ada yangu ya shule na blanketi nililojifunika na shangazi vilitoka kwenye chungu kile.

Shangazi Athieno alikuwa na miaka ishirini na minne, umri ambao watu wa kwetu walikuwa wameanza kuutaja kwa kuguna. Alitaka kuolewa mjini. Mposaji alikuwa Msamia wa Busia, karani wa ghala katika duka moja la vifaa Tororo, na jina lake sitalitaja kwa sababu ana wajukuu ambao hawana kosa. Tulimwita Bwana Karani, naye alipenda. Alivaa shati la nailoni jeupe, la kwanza kuonekana kwetu, ambalo alieleza kwamba halihitaji pasi. Ni kweli halikuhitaji. Pia halikupitisha hewa, na ilipofika saa tisa lilikuwa limemshika mgongoni kama ngozi ya kuku aliyenyonyolewa.

Alikuja na mshenga wake, Barasa, fundi wa baiskeli mwenye mdomo usiochoka. Kwa kuwa wao walisema Kisamia na sisi Kidhopadhola, mazungumzo yote yalikwenda kwa Kiswahili cha mpakani, na hata mimi, mtoto wa miaka tisa niliyekaa mlangoni mwa jiko, niliyafuata.

Baada ya salamu Bwana Karani alifungua mfuko akatoa zawadi: mirija minane ya plastiki, myeupe, unaona ndani mpaka upande wa pili. Kila mmoja ulikuwa umefungwa kitambaa chembamba sana kwenye ncha, badala ya kichujio cha nyuzi.

"Wazee wangu," alisema, "mirija ya miti ni mambo ya zamani. Inaoza ndani, inabeba kifua kikuu. Hii ni plastiki. Unasuuza, unatundika, kwisha. Na pombe unaiona ikipanda."

"Unaiona ikipanda!" Babu alirudia, kana kwamba shida ya maisha yake yote ilikuwa kutoiona pombe ikipanda.

"Ulaya wananyonya hivi hivi," Barasa akaongeza.

Hakukuwa na mtu Ulaya aliyenyonya kongo kwa mpira wa kuoshea magari, lakini wazee watano waliokizunguka chungu pamoja na Babu walitikisa vichwa kwa heshima. Walikuwa watu waliokataa chanjo ya ng'ombe mwaka uliotangulia kwa sababu hawakumjua aliyeileta.

Mrija mmoja uliletwa jikoni ili wanawake nao waone. Shangazi Athieno aliushika, akakivuta kile kitambaa kwa kidole, akakiacha kikarudi, akakivuta tena. Aliwahi kufua nguo kwa mwalimu mmoja wa Kizungu wa misheni.

"Mama," alinong'ona, "hii ni soksi. Soksi ndefu za wanawake wa Kizungu, za nailoni. Amekata."

"Soksi ya mguuni?"

"Mpaka pajani."

Nyanya aliugeuza mrija ule mkononi. "Kwa hiyo wazee wanakwenda kunyonya mguu wa Mzungu," alisema, na wote wawili wakaziba midomo kwa nguo, mabega yakitetemeka. Nami nilicheka mpaka nikasukumwa nje.

Mirija ya zamani iliwekwa kando ukutani, ile mipya ikatumbukizwa. Nyanya akapeleka maji ya moto mwenyewe, akamimina.

Nimejisomea mambo haya baadaye, usiku kwa usiku, kwa vitabu vya kuazima, kwa hiyo nawaeleza kilichotokea. Plastiki ya namna ile kwa asili yake ni ngumu kama sahani. Ili iwe laini ya kupindika, kiwandani huchanganywa na kimiminika kinachofanana na mafuta. Kimiminika hicho hakijafungwa humo, kimekaa tu kati ya chembe zake, na joto pamoja na pombe hukivuta nje. Tena joto huilegeza plastiki yenyewe. Mtengenezaji aliijua sifa hiyo na hakuwahi kumwambia mtu auweke mpira ule kwenye chungu cha maji yanayofuka. Naiheshimu plastiki. Nyavu za nailoni zimewalisha ndugu zangu wa ziwani, na shuka la plastiki limeokoa ulezi wangu mvua nyingi. Dharau yangu naielekeza panapostahili.

Mirija ililegea kama utumbo wa mbuzi. Wazee walinyonya, kuta za mirija zikashikana, mashavu yakaingia ndani mpaka wakaonekana hawana meno, na ambao hawakuwa nayo walionekana wamekufa. Walipofanikiwa kuvuta kidogo, niliona nyuso zao zikikunjamana mmoja baada ya mwingine. Waliendelea kunyonya, macho yametutoka sisi tuliotazama zaidi kuliko wao. Mzee mmoja alisema, "Inapanda," kwa sauti ndogo.

Hatimaye Barasa aligeuka pembeni akatema. "Hii pombe iko na harufu."

"Mimi sikutaka kusema," alisema Bwana Karani kwa upole. "Mgeni hasemi."

Wote walimtazama Babu. Huyu ni mtu aliyekuwa ameinywa pombe ya mke wake kwa miaka isiyopungua thelathini, aliyejisifu kwayo kwenye misiba ya watu wengine. Alikohoa.

"Pengine ulezi ulilowa," alisema.

Jikoni, kicheko kilikatika. Shangazi alisimama. "Naenda kuwaambia ni mpira wao."

"Kaa," Nyanya alisema.

"Mama, wanakuharibia jina!"

"Nimesema kaa, Athieno. Unamtaka mtu huyu au humtaki?"

Shangazi alikaa. Nilimwona Nyanya akichukua fimbo ya kuchochea moto na kuuchochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa.

Ndipo alipofika Obbo, kaka yake Babu, amechelewa kama kawaida. Obbo alikuwa kiziwi nusu, mchoyo kamili, na hakuwahi kumwazima mtu mrija wake, ambao aliubeba ndani ya mwanzi wenye kifuniko kama mfalme anayebeba fimbo yake. Hakuona mirija mipya wala hakusikia lolote. Alivuta kigoda, akautoa mrija wake wa mti, akauzamisha, akanyonya mnyonyo mrefu ambao ulimfanya afumbe macho.

"Tamu!" alisema. "Kuna msiba? Mbona mmenuna?"

"Mzee, hunusi?" Barasa aliuliza kwa sauti kubwa.

"Nini?"

"Pombe! Inanuka!"

"Inanuka nini? Kama hamtaki, sogeeni, mnanibana." Akanyonya tena.

Wazee wakatazamana. Nilidhani sasa mambo yamekwisha. Hata mtoto aliweza kuona: chungu ni kimoja, pombe ni moja, tofauti ni mrija. Babu aliinama kwa nduguye na kumwomba aonje. Obbo alisita kama mtu aliyeombwa shamba.

"Onja. Lakini futa mdomo kwanza."

Babu alifuta mdomo, akanyonya. Nilikuwa mbali naye kwa hatua chache tu, nikamwona anafumba macho vilevile alivyoyafumba kila Jumamosi niliyomjua. Alikaa hivyo kidogo. Kisha akayafumbua, akamrudishia Obbo mrija, akamtazama Bwana Karani na saa yake na shati lake lililolowa.

"Kweli," alisema, "ina harufu kidogo."

Mengine yalikwenda haraka. Kabla ya kunywa walikuwa wamekubaliana kwa kutikisa vichwa kwamba mahari ni ng'ombe sita. Barasa sasa alieleza, kwa huzuni kubwa ya kuigiza, kwamba nyumba ambayo pombe yake inanuka haiwezi kumdai mgeni sita, kwa sababu binti hujifunza kwa mama. Wazee waliunga mkono kwa kuguna. Babu, ambaye alikuwa ameshaanza kuwaambia watu kuwa mkwe wake ana ghala, alikubali wanne. Obbo peke yake hakuchangia. Alikuwa akinywa, na jioni ilipofika alikuwa amekimaliza chungu karibu peke yake na akaimba njia nzima mpaka kwake.

Wiki iliyofuata, siku ya soko, wazee walewale watano walikuja Mulanda kwenye chungu cha Nyanya, mirija yao ya miti begani, wakamwita mama mpishi na kumsifu. Aliwauzia. Aliwapandishia bei kwa senti kumi kila mmoja, na hakuna aliyethubutu kuuliza kwa nini.

Kwa miaka mingi niliisimulia hadithi hii kama hadithi ya watu waliodanganywa na kitu kipya. Nilikuwa nimekosea. Hakuna aliyedanganywa. Ulimi wa Babu ulimwambia ukweli kwa mnyonyo mmoja, na wale wengine waliujua hata kabla yake. Plastiki haikumdanganya mtu pale. Iliwapa tu sababu ya kumkubali mtu mwenye saa, na waliichukua, na gharama wakamwachia mwanamke aliyekuwa jikoni. Nimekutana na wazee hao mara nyingi tangu siku ile, katika ofisi, katika vyama vya ushirika, na wengine wamevaa tai.

Shangazi aliolewa Tororo. Alikaa miaka mitatu. Bwana Karani alikuwa na desturi ya kunusa: chakula, mashuka, nywele za shangazi, na kila alichonusa kilikuwa na kasoro. Aliweka alama kwenye chupa ya mafuta ya kupikia. Siku moja shangazi alifunga nguo zake kwenye kanga, akatembea kwa miguu mpaka Nabuyoga, akaingia jikoni na kuketi palepale alipokuwa ameketi siku ile. Nyanya alimpa chakula kwanza.

Kwa desturi yetu mwanamke akirudi kabisa, mahari hurudishwa, na Bwana Karani alikuja na Barasa kudai ng'ombe wake. Babu alishika kichwa. Ng'ombe wote wanne walikuwa wamekwisha: wawili walikwenda kumwolea baba yangu mdogo mke, mmoja aliliwa, mmoja aligeuka baiskeli. Hata wangekuja sita wangekwisha vilevile, namjua Babu. Aliyelipa ni Nyanya, kwa chungu chake, mwaka mzima wa kuamka alfajiri, na kila ng'ombe aliyenunuliwa mnadani Mulanda alimgharimu shilingi mia na hamsini.

Alipokabidhiwa wa nne, Bwana Karani alimkagua meno. Nyanya alisubiri amalize, kisha akamwuliza, kwa Kiswahili, kwa heshima zote, kama ana dai lingine.

"Hapana, mama."

"Hakika? Maana mimi ningekuwa wewe ningedai sita."

Barasa alicheka kabla hajajizuia. Mkwe wa zamani aliwaswaga ng'ombe wake kwenda zake, na Nyanya akaniita mimi, niliyekuwa darasa la sita na nikijivuna kwa hesabu, akanitaka nimpigie mara mbili ya mia na hamsini, kwa sauti, ili Babu asikie. Nilipiga. Ng'ombe wawili ambao haikumlazimu kuwatafuta, kwa sababu siku ile alinyamaza: shilingi mia tatu.