Nafasi ya Mbele Mtumbwini

Mtumbwi wa mjomba ulikuwa na nafasi moja tu ya mbele, na tuliokuwa tukiigombea tulikuwa wawili: mimi na ndugu yangu, mtoto wa mama mdogo. Anayesimama mbele ndiye mshika upondo, ule mti mrefu wa kusukumia, na mpunga tunaopeleka ukifika bandarini Kau salama, hulipwa doti nzima ya merikani, yaani shuka mbili za kitambaa. Doti ile niliitaka kufa na kupona. Mama mkwe alikwisha kusema: bila doti ya mahari, binti haondoki kwao Ngao.

Haya, tulinganishe kwa haki. Ndugu yangu alikuwa na mabega ya fahali. Akisukuma upondo mara moja, mtumbwi umelipita shamba zima la ndizi. Ila kusema hasemi. Salamu yake kutikisa kichwa. Mimi, nisiwadanganye, mikono yangu ilikuwa ya kushikia tonge. Lakini koo nilikuwa nalo! Nikiimba, wanawake wa mtoni huacha kufua.

"Nyimbo hazisukumi mtumbwi," akasema mjomba. Akampa ndugu yangu upondo, mimi akanipa kata ya kuchotea maji yanayovujia ndani. Kata! Mwanamume mzima, mchumba wa watu! "Na leo," akaongeza, "nataka masikio yangu yapumzike."

Basi nikafunga mdomo, nikanuna mpaka mashavu yakaniuma. Tukateremka na mto kimya kimya, ungedhani tumebeba maiti. Ndugu yangu mbele anasukuma, mjomba nyuma na kafi lake, mimi katikati na kata yangu.

Shida ni kwamba kwetu mtumbwi haupiti kimya. Kelele ndizo hodi yetu kwa viboko. Wakisikia watu wanakuja, husogea. Siku zote hodi hiyo niliipiga mimi kwa nyimbo zangu, wala hakuna aliyewahi kunishukuru. Tulipopinda kona ya mto tu, maji mbele yetu yakavimba, likaibuka kichwa kama jungu la shughuli. Ndugu yangu akaganda, upondo hewani.

"Imba, mpwa wangu!" mjomba akapiga ukelele. "Imba wewe, tunakufa!"

Wimbo ulionijia ni ule wa kuucheka upara wa mjomba. Nikaubwata wote huku nagonga ubavu wa mtumbwi kwa kata. Kiboko akatutazama, akazama, akaenda zake. Hapo ndugu yangu akazinduka, akatutoa pale kwa nguvu ambazo mimi sikuzaliwa nazo. Bila yeye ningekuwa naimba palepale hadi leo.

Tulipofika Kau, mjomba alijikuna kichwa, akatutazama mmoja mmoja. Kisha akaichana doti katikati, kila mtu shuka moja. Lahaula! Nusu doti! Mama mkwe angenirushia usoni. Nikakaa ukingoni, machozi yakinilengalenga, aibu sina.

Ndugu yangu akaja, akanitupia shuka yake magotini, na kwa mara ya kwanza safari nzima akafungua mdomo.

"Kaoe," akasema. "Lakini harusini usiimbe."