Siku niliyokalia kiti cha bosi ili kupanga simu za ofisi

Saa mbili na dakika kumi asubuhi, Jumatatu, simu zote za wateja zilianza kulia mezani kwa mkubwa.

Wakuu, salamu. Haya yalinipata mwenyewe mwanzoni mwa miaka ya 2000, na sitaongeza chumvi.

Nilikuwa karani wa stoo katika kampuni ndogo ya mizani na visu vya bucha, hapo town. Stima ilipotea wikendi nzima, betri ya PABX, ule mtambo wa kugawa simu za ofisi, ikaisha, na iliporudi mtambo ulikuwa umesahau kila kitu. Badala ya kulia reception kwa Bi Zainab, simu zilienda moja kwa moja kwa Mzee Kariuki, mwenye kampuni.

Habari za betri hakuziamini.

"Zainab, umechezea hii kitu. Saa sita ikifika haijatengenezeka, chukua mkoba uende."

Bi Zainab alikuwa na miaka kumi na moja pale, na watoto watatu shuleni. Fundi tulipompigia alisema yuko Nakuru mpaka Alhamisi.

Manual ya mtambo ilikuwa stoo kwangu, nami nilishaisoma mara mbili wakati wa lunch. Mimi husoma manual yoyote, msiniulize kwa nini.

Nikakaa reception, nikabonyeza PROGRAM, nikaweka code. Simu ikatoa mlio wa kukataa. Nikarudia mara nne. Saa nne ikapita.

Ndipo Bi Zainab akaniambia, "Kaka, hii siyo simu niliyoanza nayo. Ile yenye kioo Mzee aliitaka mwenyewe. Alisema mkubwa hawezi kuwa na simu ndogo kuliko ya sekretari. Fundi akahamisha mpaka waya."

Nikafungua manual tena. Programming hukubaliwa kwenye extension ya kwanza pekee, yaani simu ya waya wa kwanza, na mtambo ukisahau kila kitu, simu zote hulia hapo.

Extension ya kwanza ilikuwa mezani kwa Mzee. Na kiti kile, wakuu, hakuna mfanyakazi aliyewahi kukikalia.

Nilipoingia alikuwa ameshika simu ya mteja, mchinjaji wa Dagoretti, aliyedhani anaongea na mlinzi. Sauti ilifika mlangoni: "Wewe soja wa gate, nipe Zainab! Yeye ndiye anajua kisu changu!"

Mzee akakata. Nikamweleza.

"Kwa hivyo unataka kiti changu?"

"Dakika kumi tu, Mzee."

Simu ikalia tena. Akainuka.

Bi Zainab alikuja na daftari ambamo tangu mwanzo alikuwa ameandika kila laini inalia wapi. Bila hilo ningekuwa nabahatisha. Yeye akasoma, mimi nikabonyeza, na STORE kila hatua ili mtambo uhifadhi.

Saa tano na dakika arobaini simu ikalia reception. Alikimbia kuipokea. Mzee alimfuata, akangoja amalize.

"Pole, mama. Hawa watu wako ni wakali."

Namshukuru Bi Zainab mpaka leo, na Mzee pia, kwa kuinuka. Nilichojifunza: kabla ya kumlaumu anayeshika simu, uliza waya zilipangwa vipi, na umuulize yeye kwanza.

Kama kuna aliyewahi kupambana na mitambo hii, aeleze alivyotoka.

Na kwa wale watakaouliza: fundi alitaka shilingi 12,500. Hazikutoka.