Ukurasa Unaoanza na Geti

Nilijifunza kutengeneza tovuti chumbani kwangu Nkuhungu, baada ya mkataba wangu wa ofisini kuisha na mwingine usije. Kuandika msimbo wa kompyuta sikujua, na hadi leo sijui. Nilitumia programu ambayo unavuta picha kwa kipanya, unaidondosha unapotaka, unaongeza maandishi na kitufe, na ukurasa unasimama. Kurasa zangu za mwanzo zilijaa rangi na vitu vinavyorukaruka. Taratibu nikajifunza kupunguza: maandishi machache, nafasi ya macho kupumzika, picha nyepesi zisizomaliza bando la mtu.

Nilipoanza kujiamini, jirani yangu aliniletea shangazi yake kutoka Chamwino. Alikuwa mjane mwenye shamba la zabibu. Alikausha zabibu na kukamua juisi, wateja wake wengi wakiwa watumishi wa serikali.

“Shikamoo mama,” nilimwamkia.

“Marahaba, mwanangu. Nimeambiwa wewe unawaweka watu kwenye mtandao.”

Nilimwonyesha kurasa nilizowahi kutengeneza. Aliangalia kwa adabu, kisha akatoa simu yake na kunionyesha picha ya geti la bati, la bluu, rangi imebanduka upande wa chini. Nyuma yake ilionekana nyumba ya matofali na mti wa mpapai.

“Hii ndiyo ianze,” alisema.

Nikamweleza kwamba mteja akifungua ukurasa anataka kuona zabibu zenyewe, na kitufe cha kuagizia chini yake. Geti halinunuliwi. Tungeweza kuliweka mwishoni, penye maelezo ya namna ya kufika.

“Liweke mwanzoni,” alisema tena, kwa sauti ileile. “Na jina la tovuti liwe jina la marehemu mume wangu. Majina yote matatu.”

Nilirudi kwenye kazi nikiwa na kinyongo kidogo. Nilitengeneza kama nilivyoona inafaa: kishada cha zabibu kimejaa kioo, kitufe cha kijani, geti huko chini kabisa. Nikampelekea Chamwino nikitumaini kwamba akiona uzuri wake atalegea.

Alishusha ukurasa kwa kidole mpaka akalifikia geti. Akakaa nalo muda.

“Nina kijana,” alisema. “Aligombana na baba yake, akaondoka. Mara ya mwisho mtu wa hapa alimwona Durban. Namba yake haipatikani. Hajui kama baba yake amefariki. Nimefikiria, siku moja atalitafuta jina la baba yake kwenye simu. Sote huwa tunafanya hivyo. Akilitafuta, nataka aone nyumba bado ipo na geti ni lilelile. Akikutana na zabibu atadhani ni kampuni ya watu.”

Mimi ni mtu wa Gulwe. Nyumba niliyozaliwa ilichukuliwa na maji mto ulipofurika, na wazazi wangu wakajenga kwingine, mbali na mto na reli. Hakuna aliyewahi kuipiga picha ile nyumba ya kwanza. Nikiwa na nafasi huwa nafungua ramani ya mtandaoni, ile ya picha za juu, nakuza mpaka vitu vinakuwa ukungu, natafuta mahali palipokuwa na jiko la mama. Pana mchanga tu. Mara nyingine nakaa hapo mpaka chai inapoa.

Basi nikaanza upya. Geti likaja mwanzo, limejaa kioo cha simu. Nilipunguza uzito wa picha ili lifunguke upesi hata kwenye simu dhaifu na mtandao wa kusuasua. Juu yake niliandika jina la marehemu, na chini yake sentensi moja aliyonitajia mwenyewe: “Tupo palepale.” Zabibu zilifuata baada ya hapo. Cha ajabu, wateja waliupenda ukurasa ule kuliko nyingine zangu zote. Walisema unaonekana wa watu kweli.

Programu ile huonyesha wageni wanaotembelea tovuti wanatoka nchi gani. Siku moja nikaona Afrika Kusini. Mgeni mmoja. Nilijiuliza kama nimwambie mama, maana mgeni yule angeweza kuwa mtu yeyote. Mwishowe nikampigia.

“Alikaa?” aliuliza.

“Alikaa kidogo, mama.”

“Alifika mpaka kwenye zabibu?”

“Hakushuka. Aliishia kwenye geti.”

Akanishukuru, akasema ana wageni uani, akakata.

Mgeni yule alirudi, na akarudi tena. Mvua zilipoanza, mama akataka tubadilishe picha ili mgeni yule aone mipapai ilivyoongezeka na majani yalivyo mabichi. Nikaenda na kamera ya kuazima. Nilipokuwa natafuta pa kusimama, akaja na kuegemea geti, fimbo mkononi. Siku zote alikuwa amekataa kupigwa picha.

“Nilikuwa naogopa nimezeeka, atashtuka,” alisema. “Lakini ashtuke tu. Piga.”

Picha ile niliiweka jioni hiyohiyo. Sikuikata wala kuing’arisha.

Haukupita muda mrefu, ujumbe ukaingia kwenye sehemu ya kuagizia. Haukuwa na jina, ila anwani ya barua pepe tu. Uliuliza: “Mama anatembelea fimbo tangu lini?”

Niliusoma nikiwa nimesimama. Nilimpigia, nikamsomea taratibu, mara mbili.

“Mwambie tangu mvua za mwaka jana,” alisema. “Mwambie goti tu, wala haliumi sana.”

“Na habari za baba?”

“Hizo usiandike. Hizo nitamwambia mwenyewe akija. Weka namba yangu.”

Niliandika kama alivyosema, neno kwa neno, nikatuma. Mpaka leo jibu halijaja. Wageni wa Afrika Kusini bado wanapita, wanaishia palepale getini. Mama hunipigia Jumapili akitoka kanisani. Haulizi moja kwa moja; huuliza kama mtandao wa Nkuhungu uko vizuri wiki hii. Nami humjibu kwamba uko vizuri, kisha tunaongea habari za mizabibu. Wiki iliyopita alisema amenunua rangi ya bluu, lakini anasita kupaka.

“Lisije likawa geti jingine,” alisema.

Nikamwambia asubiri kidogo.