Kimo cha Zaheera

Kila asubuhi, kabla hajagusa nguo ya mteja, Célestine hushona mstari mmoja kwenye kipande cha kitambaa cha kutupa. Hutia tone la mafuta, hukanyaga pedali, huutazama mstari upande wa juu na upande wa chini, kisha hukikunja kile kipande na kukitia kwenye ndoo. Uzi ukilegea, huigombeza cherehani. "We mama, umeamkaje leo? Unataka nini tena?" Mara nyingi hicho ndicho Kiswahili pekee anachokisikia mpaka jioni, maana wateja wakianza kupanda ngazi ni Kiingereza tu, Kiingereza cha bei na cha "lini itakuwa tayari".

Kona yake iko ghorofani, juu ya duka la vitambaa la Bwana Laher, mtaa wa Fordsburg, Johannesburg. Anakolala ni Malvern, chumba cha uani karibu na Jules Street, na kati ya hapo na hapo kuna teksi mbili na kipande cha kutembea katikati ya mji. Kazi iliyompa jina ni sare za shule za wasichana wa Kihindi: gauni refu la kijani kibichi linalofika kwenye kifundo cha mguu, na suruali nyeupe ndani yake. Akina mama wa Fordsburg hawakubali gauni lisilo na pindo pana. Hulitaka likunjwe mara mbili, ili kila mwaka lifumuliwe kidogo mtoto anaporefuka, na baada ya miaka mitatu alama za mikunjo ya zamani huonekana kwenye kitambaa, moja juu ya nyingine. Célestine aliweza kumtambua mtoto barabarani kwa pindo lake kabla hajauona uso.

Januari ya 2015 ndipo alipoingia Bi Rehmat. Alikuwa chini dukani na mjukuu wake, wakichagua kitambaa, akasikia juu ya dari mtu anaikemea cherehani kwa Kiswahili. Akapanda ngazi huku akihema, kamshika mtoto mkono, akauliza kutoka mlangoni ni mtu wa wapi huyo anayewaka asubuhi yote. Célestine akasema wa Kalemie, Kongo, kando ya ziwa. Bi Rehmat akacheka, akasema basi ni majirani, yeye kwao Mwanza, kila mmoja ana ziwa lake.

Akavuta kigoda akakaa, na tangu siku ile kigoda kikawa chake. Alikuja Johannesburg katika miaka ya tisini, baada ya kumzika mumewe, akimfuata mwanawe wa pekee aliyeoa huku. Nyumbani kwa mwanawe walizungumza Kiingereza. Kigujarati alikisema kwenye simu na dada zake, na Kiswahili hakuwa na wa kumwambia. Kwa hiyo akamwambia Célestine kila kitu, kwa mpigo mmoja, kama mtu aliyefunguliwa bomba. Akamwambia kuwa mjukuu wake huyo, Zaheera, ana miaka minane, kazaliwa usiku ule Idi ya kuchinja na mwaka mpya vilipofuatana.

Célestine alikuwa amepiga magoti akimpima mtoto, futi mkononi. Akaacha kupima. Héritière, binti yake, alizaliwa usiku uleule, hospitalini Kalemie, watu wakiwa kanisani kuukesha mwaka. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni. Lakini Bi Rehmat alikuwa amekwisha kuingia habari nyingine, ya jamaa wa mkwewe aliyekwenda Dubai kutafuta kazi na kumwacha mtoto wa miaka miwili kwa bibi.

"Mama gani huyo?" akasema. "Hata paka akihama nyumba, mtoto wake anambeba mdomoni."

Célestine akatia pini mdomoni, akaendelea kupima. Alipoulizwa baadaye kama yeye ana watoto, alisema yuko peke yake, na katika mji huu hilo halikuwa uongo.

Alimwacha Héritière alipokuwa anaanza kusimama kwa kushika ukuta. Baba wa mtoto alikuwa amekwenda machimboni na habari zake zikakatika, vita vikawa vimerudi karibu, na dada yake Léocadie akasema mwachie mimi, wewe nenda, ukikaa sawa utamchukua. Ilidhaniwa ni mwaka mmoja. Lakini karatasi ya hifadhi ya ukimbizi aliyopewa huku haikumruhusu kurudi alikokimbia na kisha kuingia tena, na ya kumleta mtoto hakuipata. Léocadie akahamia Lubumbashi pamoja na mtoto. Mtoto akaanza shule.

Shule za Kongo zote ni buluu na nyeupe: blauzi nyeupe, sketi ya buluu ya kufika gotini. Célestine aliona aibu binti wa fundi anunuliwe sare sokoni. Mwaka wa kwanza alimwomba Léocadie ampime. Léocadie akampima juu ya nguo, tena na jaketi, na sketi iliyotoka hapo ilimzunguka mtoto kiunoni ikabidi afungwe pini mwaka mzima. Kwa hiyo Januari ile, Bi Rehmat na Zaheera walipoteremka ngazi, Célestine alilala na wazo lake, na kesho yake akakata mara mbili kwa vipimo vilevile. Gauni refu la kijani kwa yule wa hapa. Sketi ya buluu kwa yule wa kule. Kwa kuwa shule za Kongo hufunguliwa Septemba, aliongeza upana wa vidole viwili kwa ajili ya miezi ya kati, akamkabidhi mama mmoja mfanyabiashara anayepanda basi la Lubumbashi.

Léocadie akapiga simu. "Imemkaa, kabisa. Ungesema ulimpima wewe mwenyewe."

Maneno hayo Célestine aliishi nayo. Tangu hapo kila Januari ikawa hivyo, na hakumwambia mtu. Aliona kuwa Mungu, aliyempangia mambo mengine vibaya, hili amempangia vizuri. Hesabu za futi zilikuwa sehemu ndogo tu. Alipopitisha futi mabegani mwa Zaheera alisikia mtoto anavyopumua, alinusa mafuta ya nazi kwenye nywele. Aliyaona meno ya mbele yakitoka na mapya yakiota. Mwaka mmoja Zaheera alikuja na kovu gotini, na wiki ile Célestine alimuuliza Héritière kwenye simu kama ameanguka.

"Hapana, maman."

"Hujaumia popote?"

"Niko muzima, maman. Nimupe tante?" Na simu ikarudi kwa Léocadie. Mazungumzo yao yalikuwa ya namna hiyo, ya heshima na mafupi. Picha zilikuja pia, lakini zilikuwa za kifuani kwenda juu, mtoto peke yake mbele ya pazia, na mtu aliyepigwa picha peke yake hajulikani urefu wake.

Mabadiliko yalianzia dukani chini, kwenye midomo ya watu. Bwana Laher alikuwa wa kwanza kuyasema kwa sauti. Wanawe wawili aliwatoa shule ya mtaani akawapeleka kwenye akademi mpya upande wa kaskazini, jengo lililokuwa la ofisi, ambako walisoma mtaala wa Cambridge kwenye kompyuta. Mtihani, alisema, unatungwa Uingereza na unasahihishwa Uingereza, na mtoto akiupasi hakuna mlango wa chuo utakaomuuliza anatoka wapi. Wateja walimsikiliza huku wakipapasa vitambaa. Mmoja alikuwa na kaka Toronto. Mwingine aliulizia kama wanapata nafasi ya madrasa alasiri, akaambiwa ratiba inapangwa hata kwa anayehifadhi Kurani. Mwaka uliofuata yule aliyekuwa anauliza ndiye alikuwa anawajibu wengine.

Jambo moja la shule zile Célestine alilielewa mapema kuliko yote: hazikuwa na sare. Watoto walivaa nguo zao, na juu yake sweta lenye kofia, lililochapwa jina la shule kiwandani.

"Selestini," Bwana Laher alimtania akipanda na robota la kitambaa begani, "jifunze kushona kompyuta. Huko ndiko watoto wamekwenda."

Alicheka naye. Kazi ilipungua, lakini kazi hupungua na hupatikana. Alipokea mapazia, alipokea magauni ya harusi, na wanawake wa kanisani Malvern walimletea vitenge. Alichokuwa akikihesabu moyoni ni nyumba moja tu. Kila familia ilipoondoka, alijiambia baba yake Zaheera si mtu wa kukimbilia mambo mapya.

Desemba ya 2018 Bi Rehmat hakuja. Krismasi ikapita, mji ukawa mtupu, wapangaji wenzake wakaenda kwao Limpopo na Zimbabwe, na Célestine akawa anafungua kona yake bila sababu. Alikiweka kigoda karibu na dirisha. Shule zilikaribia kufunguliwa na chini barabarani wasichana wakaanza kupita na mapindo mapya, machache kuliko mwaka jana. Wengine aliwashonea yeye. Alitazama kila aliyepita na mwanamke mzee, na kila mara hakuwa yeye.

Bi Rehmat alikuja shule zilipokwisha kufunguliwa, peke yake, na pazia mkononi la kupunguzwa. Hakukaa mara moja. Alisema Zaheera kahamishwa. Mwanawe alikuwa ameng'ang'ania mwaka mzima: mtoto ana akili, sasa anaingia madarasa ya juu, asisubiri. Akimaliza atakwenda Manchester, kuna shangazi wa mama yake.

"Wanasema ni shule ya kimataifa," Bi Rehmat alisema, sasa akiwa kigodani. "Mimi naona wanamfundisha kuondoka. Ana miaka kumi na miwili, na nyumbani tayari wanazungumzia baridi ya huko."

Célestine alilishika pazia, akatafuta ncha yake, hakuiona. Akauliza kama mtoto anaweza kuja hivyohivyo, apimwe.

"Apimwe nini? Sare hakuna."

"Nimshonee gauni la Idi, Bibi. Zawadi yangu."

Bi Rehmat alimtazama kidogo, akasema haya, Jumamosi.

Wiki ile Célestine alilala vibaya. Alijua mwenyewe kuwa miaka kumi na miwili si kama minane. Alikwisha kuwapima wasichana wengi wa umri huo, wawili wa tumbo moja, mmoja anapanda ghafla kama mtu aliyevutwa, mwingine anabaki alipo na kunenepa kiuno. Mwaka huu zaidi ya miaka yote alihitaji kumwona mtoto kwa macho. Na mtoto aliyekuwa naye wa kumwona ni huyo mmoja.

Jumamosi Zaheera alipanda ngazi mbele ya bibi yake, waya wa muziki masikioni, na Célestine alipoinuka kumsalimu alikuta hamwinamii tena. Msichana alijibu kwa Kiingereza, kwa adabu, akainua mikono mwenyewe kama alivyozoea. Célestine akapima mabega. Akapima kifua, ambacho mwaka jana hakikuwa na la kupima. Akapima kiuno. Akapiga magoti, akashusha futi kutoka kiunoni hadi gotini, akaweka kidole, akatia hesabu akilini, kisha akaendelea hadi chini kwenye kifundo. Alikwenda polepole. Zaheera aliuliza kama wamemaliza, akapewa ruhusa ya kwenda kununua sambusa.

Hatua zake zilipoisha kwenye ngazi, Bi Rehmat akasema, "Selestini, hakuna gauni la Idi."

"Lipo, Bibi. Nitalishona."

"Utalishona, najua. Lakini mimi nimekulia dukani kwa baba, mafundi wamepiga mashine barazani kwetu tangu sijaota meno. Nguo ya mjukuu wangu inafika chini. Wewe kila mwaka futi yako inasimama gotini kwanza. Nikawa najisemea, huyu ana namna yake. Leo sare hakuna, na bado umesimama gotini."

Célestine aliizungusha futi kwenye vidole, akaifumua, akaizungusha tena. Kisha akasema. Alimtaja Héritière kwa jina, na ilikuwa ajabu kulisikia jina lile ndani ya chumba kile. Alisema alizaliwa usiku gani. Alisema alimwacha anashika ukuta, na aliachwa kwa nani, na sketi ya gotini ni sare ya huko, na kwamba kila Januari amekuwa akimkatia kwa mwili wa Zaheera. Alizungumza akitazama sakafu, ambako kulikuwa na vipande vya uzi, na alipomaliza alisubiri kuambiwa lile la paka na yule mama wa Dubai.

Bi Rehmat hakulisema. Aliinuka akaenda dirishani. Chini, Zaheera alikuwa akivuka barabara na mfuko wa karatasi, kofia ya sweta imemfunika kichwa, miguu mirefu, hatazami kushoto wala kulia. Walimtazama wote wawili mpaka akaingia chini ya kibaraza na kupotea.

Ndipo Bi Rehmat alipouliza swali lake, na lilikuwa hilo moja tu. Aliweka kiganja karibu na sikio lake mwenyewe, mahali kichwa cha mjukuu wake kilipokuwa kinafika sasa.

"Na wako, amefika hapa?"

"Sijui, Bibi," Célestine akasema. "Mimi namjua huyu tu."