Lori Ambalo Nehemiah Alilikataa

Mume wangu Nehemiah ni mpole hadi anaudhi. Kuku wa jirani wakiingia kwenye sukuma wiki yetu, yeye huwaomba watoke. Ati huyo ndiye mwenyekiti wa chama chetu hapa Matulo! Na mimi, Linah, ndiye ninayechekwa kisimani kwa niaba yake.

Uchaguzi uliopita wa mwakilishi wa wadi, Nehemiah alikuwa wakala wetu kwenye darasa la kupigia kura. Wakati wa kuhesabu, Jotham na vijana wa chama kile kingine wakaingia na marungu, wakawatupa mawakala wetu nje kupitia dirishani. Askari walikuwa wameenda kutafuta chai, unaona maajabu! Mume wangu aliletwa nyumbani kwa mkokoteni, mbavu mbili zimevunjika. Nilimuuguza kule hospitali ya Lugulu, nikilala sakafuni kando ya kitanda chake, nikiapa kwamba Jotham atanijua mimi ni nani. Na Jotham si mtu wa mbali, ua wa shamba lake ndio ua wa shamba letu.

Mahakama ikaufuta uchaguzi ule. Tukaambiwa turudie.

Wiki ya kura ikikaribia, Jairus, ofisa wa chama, akaja kutoka Kitale. Akakaa kwenye kochi langu, akala chapati zangu, akasema, "Mwenyekiti, safari hii hatuendi na maombi. Nitawaletea lori zima la vijana. Mtu akigusa wakala wetu, anavunjwa mguu. Demokrasia lazima ilindwe, bana."

Nilipiga makofi. Kweli nilipiga, na chai nikamwongezea. Tulikuwa tumeonewa vya kutosha.

Nehemiah alikuwa anachokonoa meno kwa kijiti. "Wakishamvunja Jotham mguu, watapanda lori warudi Kitale," akasema. "Nani atabaki hapa na Jotham? Si ni mimi?"

"Kwa hivyo upigwe tena?" nikafoka. "Urudi na mkokoteni? Safari hii sikuuguzi!"

"Sijasema nipigwe, Linah." Akamgeukia mgeni. "Lori tunashukuru, lakini libaki huko. Wewe niachie tu kazi ya kuchagua mawakala."

Jairus aliondoka amefura. Mimi nikanuna, chakula nikawa namwekea mezani bila neno. Yeye kila asubuhi anapanda baiskeli, leo Lugulu, kesho Bokoli, na ukimuuliza anasema anatembelea watu. Usiku nilikuwa nikimwangalia akilala, nazikumbuka zile mbavu, na hasira yote inageuka kuwa woga.

Siku ya kura ndipo nilipoona watu aliokuwa akiwatembelea.

Kwetu Wabukusu, mwanamume na mama mkwe wake hawakaribiani. Akimwona njiani, anajitosa kwenye migomba mpaka mama apite. Kumpa mkono, hapana. Kukaa naye chumba kimoja, hapana kabisa. Kupaza sauti mbele yake, heri ardhi ikumeze. Basi pale darasani, karibu na mlango, kitambulisho cha wakala kikining'inia kifuani, alikuwa ameketi Mama Lorna wa Lugulu, aliyemzaa mke wa Jotham! Na kwenye lile dirisha walilotupiwa watu wetu, ameketi mama mmoja wa Bokoli ambaye mabinti zake wawili wameolewa na vijana wawili wa kundi la Jotham. Wote wanachama wetu wa miaka mingi, hakuna wa kuazimwa.

Jotham akaja na kundi lake, kifua mbele, rungu ndani ya koti. Akapanda baraza, akachungulia ndani. Woi! Aliruka nyuma akawakanyaga wenzake, koti amejifunika kichwani.

"Nani amemleta mama hapa?" akanong'ona. Jotham, ambaye akikohoa anasikika Webuye, ananong'ona! Mlolongo mzima wa wapiga kura ukaangua kicheko, na mimi nikashika ukuta nisianguke.

Lakini baadaye Nehemiah akamwona Jotham amesimama peke yake nyuma ya vyoo, hawezi kuingia kupiga kura. Mume wangu akaanza kwenda kumwomba Mama Lorna atoke kidogo akanywe maji. Nikamkamata shati.

"Una wazimu? Hiyo ni kura yao!"

"Ni kura yake," akasema. "Yetu waliitupa dirishani, na tulilia. Mimi sitatupa ya mtu."

Basi mama akatoka kwa mlango wa nyuma, Jotham akapiga kura yake, akaondoka ameinamisha kichwa. Saa ya kuhesabu ilipofika, Mama Lorna alikuwa amerudi kwenye kiti chake.

Mimi nilirudi nyumbani kungoja. Sikulala. Kila gurudumu lililopita barabarani niliona ni mkokoteni.

Asubuhi nilikuwa nakamua ng'ombe nilipomwona Nehemiah akiingia kwa miguu yake mwenyewe, Mama Lorna nyuma yake. Nilimwaga maziwa yote. Nikampandisha shati, nikapapasa mbavu zake moja moja.

"Linah, watu wanaona!"

"Waone!"

"Tumeshindwa," akasema. "Lakini tulihesabu zote pamoja, na hakuna aliyeguswa."

Nilidhani nitakasirika. Badala yake nililia kwa furaha kama mtu aliyerudishiwa mgonjwa wake, kisha nikaenda kumpikia mgeni wetu chai.

Nilipotoka kutafuta kuni, nikasikia mtu ananiita polepole kutoka nyuma ya ua. Jotham! Chama chake kimeshinda, wenzake wanaimba huko sokoni, na yeye hawezi kupita mbele ya lango letu kwa sababu mama mkwe wake ameketi barazani.

"Shemeji," akanong'ona, "mwambie mwenyekiti… ile mambo ya mbavu… anisamehe."

Nikasimama nikashika kiuno.

"Sisikii, Jotham! Sema kwa sauti!"